Ndizi Kabla Haijawa Pombe

Naandika haya nikiwa barazani kwangu Rusimbi, asubuhi, na mkono wangu hautetemeki. Naanza na mkono kwa sababu waliougua ugonjwa huu wataelewa mara moja. Wengine nitawaeleza.

Jina langu Yudita. Nilizaliwa Kalinzi, kule juu milimani, shule niliishia darasa la tatu, nikaolewa na Yohana wa Rusimbi ambaye Mungu alimchukua kabla wakimbizi hawajaja. Tangu watu wajue kwamba niliugua pombe na bado niko hai, huja kuniuliza habari za waume zao na watoto wao. Wengine huja kuuliza habari zao wenyewe, wakisingizia jirani. Nawajibu wote. Lakini sasa nimezeeka, pumzi inakatika, nikaona bora niyaandike, mwenye kuja asome.

Nasema niliugua pombe. Sisemi nilikuwa mlevi, kwa sababu jina hilo nimeitwa vya kutosha na halikunisaidia kitu.

Tone la kwanza nililinywa siku ya posa yangu. Kwetu upande wa mume huja na mtungi wa urwarwa, ndiyo pombe ya ndizi, unawekwa katikati ya watu. Bibi wa binti ndiye anayetangulia kuvuta kwa mrija. Akishavuta, anampa mjukuu wake mrija ule ule, na mjukuu akivuta basi amekubali. Bibi asipovuta, wakwe wamekataliwa. Wanajitwika vitu vyao na kurudi kwao, na maneno huwa makubwa. Mimi nilipewa mrija na bibi yangu Nyamwiza. Siku ile alikuwapo pia Leokadia, dada yake Yohana, ambaye leo ni wifi yangu. Naye alionjeshwa. Alivuta, akakunja uso, akasema imechacha, akaenda zake kucheza.

Mimi nilivuta, nikahisi kama mtu amewasha karabai ndani ya kifua changu. Nilikuwa binti mwoga, mtu akiniita kwa sauti nashtuka. Woga wote ukaondoka. Nikauliza kama nitaongezewa. Wazee wakacheka, mmoja akasema huyu hakuokotwa, huyu ni wa Kidahya kabisa.

Kidahya ni baba yangu. Alikufa amelala mtaroni kwenye shamba la kahawa, mvua ikamnyeshea mpaka asubuhi. Dada yake, shangazi Bernadeta, alivimba tumbo akafa. Kaka yangu Gervas alikuwa seremala mwenye mikono mizuri kuliko wote pale Kalinzi. Mikono ikaanza kutetemeka, akashindwa kupiga randa, akafa bado kijana. Watu walisema ukoo wetu umelaaniwa, eti babu alimnyima mgeni pombe na mgeni akatema mate mlangoni. Tukafanya tambiko la kuondoa laana. Na kwa tambiko hilo tulipika pombe mitungi na mitungi, ukoo mzima ukanywa. Nikikumbuka hilo huwa nacheka peke yangu.

Kwa miaka mingi nilikunywa kama wanavyokunywa wengine, au nilidhani hivyo. Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Warundi walishuka kwa miguu kupitia milima ya kwetu, Wakongo walivuka ziwa, mji ukajaa watu waliobeba magodoro na masufuria na watoto. Mimi nilikuwa nauza dagaa pale Bangwe, ufukweni mwa ziwa. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hawaendi, dagaa hakuna, basi nikaanza kupika pombe uani ili nisikae bure. Wateja walikuwa wengi, wapagazi, madereva, watu waliopoteza kila kitu na wanataka kusahau kidogo. Mpishi lazima aonje. Nikaonja yangu, nikaonja ya jirani, nikafika kwenye gongo.

Mwanzoni nilikunywa jioni. Baadaye nikawa siwezi kushika kisu asubuhi mpaka ninywe kidogo. Mkono ulitetemeka nikimwagia maji sufuria, maji yanaingia kwenye moto. Nikinywa, unatulia. Nilijiona nimepata dawa.

Mwili ukabadilika. Macho yakawa ya manjano. Miguu ikavimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Tumbo likajaa mpaka wenzangu wa Bangwe wakaanza utani. Mwajuma, tuliyekuwa tukianika naye dagaa, aliniuliza mbele ya watu, "Bibi Yudita, huyo baba yake nani?" Nikamwambia ni Mkongo, amepita juzi. Tulicheka sote. Nilipofika nyumbani nilifungua kanga, nikalitazama tumbo langu, nikamkumbuka shangazi Bernadeta.

Mwanangu mkubwa Filbert alikuwa karani bandarini. Alinisihi niache, akanitukana, akalia, akarudi kunisihi. Mkewe alikataza watoto wasije kwangu, na simlaumu, maana nilikuwa nimewahi kumwangusha mdogo wao nikiwa nimembeba. Mwisho Filbert akasema pombe itanitoka kwa lazima. Akaniingiza chumbani akafunga kwa kufuli, chakula nikawa napewa dirishani. Alifanya kwa mapenzi, nataka hilo lijulikane.

Siku ya kwanza nilitoka jasho likalowanisha godoro. Iliyofuata niliona siafu wanapanda ukutani, mstari mrefu, na kaka yangu Gervas amekaa pembeni anapiga randa ubao usiokuwepo. Nilimsalimia. Baada ya hapo sikumbuki. Mjukuu wangu Perpetua, binti mkubwa wa Filbert, alikuwa anafagia uani akasikia kichwa changu kinagonga mlango, kinagonga tena na tena. Walipovunja walinikuta nimeuma ulimi, macho yamegeuka. Wakanipandisha kwenye mkokoteni wa kubebea magunia wakanikimbiza hospitali.

Kwa hiyo neno langu la kwanza kwako unayesoma ni hili: usimfungie mtu ndani ili aache. Mtu aliyezoea sana akikatishwa ghafla anaweza kufa. Mpeleke hospitali, aachie huko, mbele ya watu wenye dawa.

Hospitali miaka ile ilikuwa imejaa mpaka chini ya vitanda. Filbert alikaa na mimi kwenye benchi, kichwa changu mapajani mwake, tukisubiri watu waliokuja kabla yetu, na waliokuja kabla yetu walikuwa kama kijiji. Alikuwa akinifuta udenda kwa shati lake la kazini. Nadhani ndiyo siku tuliyoanza kupatana.

Nilipata nusu ya kitanda. Nusu nyingine ilikuwa ya Mrundi mmoja, Spesioza, aliyevunjika mguu njiani akikimbia. Tulilala mmoja kichwa huku, mwingine huku. Nilipotetemeka kitanda kizima kilitetemeka, na mguu wake mbovu ukatikisika nao, lakini hakuniambia hata siku moja nihame. Alinishika nyayo zangu, maana ndizo zilizokuwa karibu na mikono yake, akawa ananiambia kwa Kirundi, "Wihangane, mukecuru," yaani vumilia, mama mzee. Kiha chetu na Kirundi chao ni ndugu, tulisikilizana. Nimesahau majina ya dawa zote nilizopewa. Mikono ile sijaisahau.

Nilichomwa sindano za kutuliza, na nyingine za kunirudishia nguvu mwilini. Tumboni walitoboa kwa sindano nene, maji yakatiririka kwenye ndoo, ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Wakanikataza chumvi. Muuza dagaa kula dagaa bila chumvi, Spesioza alisema hiyo nayo ni vita.

Daktari aliitwa Mwakalinga, mtu wa Mbeya, mrefu, aliyekuwa na tabia ya kukaa kitandani kwa mgonjwa kama yuko kwa shangazi yake. Aliniuliza habari za ukoo. Nikamtajia baba, shangazi, Gervas, nikamweleza na laana ya mgeni. Hakucheka. Alisema ubongo wa mtu hujipikia dawa zake wenyewe, za kumpa furaha na za kumtuliza, na watu hawazaliwi na kipimo kimoja. Yawezekana wengine huzaliwa ubongo wao ukiipokea pombe kwa namna ya peke yake, na hilo likapita kwa wazazi kwenda kwa watoto, kama pua au sauti. Akasema wanaochunguza mambo hayo hawajafika mwisho, hawezi kuniapia. Lakini kwa nilivyomsimulia, hakuona laana wala ukosefu wa aibu.

Kama nimeyaandika vibaya wataalamu wanisamehe. Mimi nilichosikia ni kwamba Leokadia na mimi tulivuta mrija mmoja siku moja, yeye akapata kinywaji kilichochacha, mimi nikapata karabai. Nililia kwa kusikia tu kwamba kuna mtu anaijua karabai ile.

Filbert alikuwa amesimama pale. Akasema kwa uchungu, "Kwa hiyo sasa ni damu. Yeye hana kosa, tulaumu damu."

Daktari akamuuliza kama kuna chakula kinachomdhuru. Nikajibu mimi: tangu utoto akila yai anavimba midomo.

"Nani anakulaumu kwa hilo?" daktari akamuuliza.

"Hakuna."

"Na mayai unakula?"

Filbert akasema hayali. Daktari akainuka, akamshika bega, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Spesioza alikuwa amesikiliza yote. Baadaye aliniambia kwamba mumewe kule kambini naye anakunywa mpaka anaanguka, na kwao hakuna mlevi hata mmoja, baba yake alikuwa mkristo wa kunywa maji tu. Mume huyo alianza baada ya kuona yaliyowapata kaka zake vitani. Basi si damu peke yake, akasema, kuna na mambo ambayo macho yakishayaona mtu hawezi kulala. Nayaandika haya kwa haki yake, nisije nikaonekana nasema kila mnywaji kazaliwa hivyo.

Sasa nije kwenye kosa letu, ambalo mtu wa mbali anaweza asiliamini.

Daktari aliniruhusu nyumbani mwanzo wa kiangazi, akasema nisiguse pombe tena. Niliitika kwa moyo wangu wote. Gongo nililiacha, nikapita mbali hata na nyumba linapouzwa. Leokadia alikuja kunitazama, amebeba chupa ya chai. Akanimiminia. Ilikuwa urwarwa. Nikamwambia wifi, daktari kanikataza pombe. Akashangaa kabisa. "Hii si pombe, wifi," akasema. "Hii ni ndizi."

Wala hakunidanganya. Kwetu gongo ndiyo pombe. Urwarwa ni salamu, mgeni anapewa, mzazi anapewa maziwa yatoke, mgonjwa anapewa apate nguvu. Mimi mwenyewe niliona sawa. Nikanywa kikombe cha wifi yangu, karabai ikawaka, na kiangazi kizima nikawa nakunywa ndizi.

Mvua za vuli zilinikuta kwenye benchi lile lile, tumbo limerudi. Daktari Mwakalinga aliniuliza kama nimekunywa pombe. Nikasema sijaigusa, nikaapa kwa jina la Yohana. Akaniuliza basi nimekunywa nini. Nikamwambia urwarwa tu. Spesioza, ambaye mguu wake ulikuwa umekataa kuunga na bado yuko wodini, alicheka mpaka akashika ubavu. Daktari aliketi, akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Kuanzia siku hiyo hakumwambia tena mgonjwa aache pombe. Alikuwa anataja zote, gongo, urwarwa, ya mtama, ya mchikichi, moja moja, na mgonjwa anaitikia baada ya kila jina kama kwenye litania.

Ile mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, maana nilirudi nyumbani nikijua hakuna mlango wa uani wa kutorokea. Leokadia aliponimiminia tena nikakataa kikombe chake, akakimwaga chini mbele yangu. "Siku hizi umekuwa daktari," akasema. Masika yote hakukanyaga kwangu. Harufu ya ndizi zilizoiva ilinifuata sokoni na kanisani. Kuna siku nilishinda nimekaa juu ya mikono yangu ili isiende kokote.

Lakini na neema ndogo zilikuja. Ulimi ulianza kusikia ladha, nikagundua kwamba kahawa ya kwetu Kalinzi ni tamu. Nilitunga uzi kwenye sindano. Mke wa Filbert alikuja siku moja na mtoto wao mdogo, akasimama kidogo mlangoni, kisha akaniwekea mtoto mapajani akaingia jikoni bila kugeuka. Nikamshika mtoto kwa mikono miwili. Spesioza alipopona alirudishwa kambini, na baadaye nikasikia wamepelekwa kwao. Sijui kama alifika. Kila nikipaka miguu mafuta namkumbuka.

Kisha Perpetua akapata mchumba, Simoni, kijana mpole wa Kalinzi, mkulima wa kahawa. Siku moja tulikuwa tunachambua dagaa, Perpetua na mimi, akaniuliza bila kunitazama, "Bibi, na mimi ninayo?"

Nilijua anauliza nini. Nikamwambia sijui, hata daktari hajui, labda amechukua damu ya mama yake. Akauliza itajulikanaje. Nikamwambia mimi niliijua siku ile ile niliyovuta mrija.

Tukaendelea kuchambua. Sote wawili tulikuwa tunaufikiria mtungi wa posa.

Maana bibi wa Perpetua ni mimi. Nisipovuta, Simoni amekataliwa. Nikivuta, nilijijua, jioni ningekuwa uani kwa jirani, na safari hii sikuona kama tumbo langu lingetobolewa tena nikapona. Na baada ya kuvuta ningempa yeye mrija ule ule, kwa mkono wangu mwenyewe. Filbert alishauri niweke tu mdomo, nisivute, nani atajua. Nikamwambia mwanangu, mdomo wangu haujui kuigiza.

Wakaja. Walijaza ua wetu, wazee kwa akina mama, na mtungi, na mikungu ya ndizi mbivu iliyobebwa kutoka shambani kwao. Msemaji wao alikuwa Mzee Bukuru, babu yake Simoni. Leokadia naye alikuja, kwa kuwa yeye ni mzazi wa ukoo; akakaa upande wa pili, hakunisalimia. Maneno yakaenda vizuri, utani ukapita. Kisha Mzee Bukuru akaninyooshea mrija.

Nilisikia harufu. Mate yalinijaa mdomoni, naandika ukweli. Perpetua alikuwa kando yangu amejifunika kitenge, na mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa kanga yangu kama alivyokuwa akishika akiwa mtoto.

"Mzee wangu," nikasema, "simkatai Simoni. Nampenda. Lakini kinywaji hiki kimemuua baba yangu na kaka yangu, mimi kimenilaza hospitali mara mbili. Sivuti, na mjukuu wangu simpi."

Akina mama wa upande wao wakaanza kuvuta vitenge vyao, kama watu wanaojiandaa kuinuka. Mzee Bukuru alibaki ameshika mrija hewani. Akasema polepole kwamba amesikia na anasikitika kwa maradhi, lakini yeye atarudi Kalinzi aseme bibi alikubali kwa kitu gani. Hakusema kwa ukali. Alikuwa anauliza kweli.

Ndipo Leokadia akainuka. Nilidhani anaondoka. Akapita mbele ya wakwe, akaenda ilipo mikungu, akachuma ndizi moja, akaja akaniwekea kiganjani na kukifumba kwa mkono wake. Kisha akamgeukia Mzee Bukuru.

"Hii si pombe," akasema. "Hii ni ndizi. Ya shamba lenu."

Nikaimenya. Nikaikata vipande viwili, nikala kimoja mbele ya wote, kingine nikampa Perpetua. Akafunua kitenge, akala, machozi yanamshuka mpaka kidevuni. Mzee Bukuru alitutazama tukitafuna, mmoja baada ya mwingine. Akaitikia kwa kichwa, akawaambia watu wake, "Basi tumekubaliwa. Bibi ameiwahi pombe ikiwa bado mtoto."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika barabarani. Na ili mtungi wa watu usione aibu, Leokadia akauchukua mrija, akavuta kwa niaba ya ukoo, akakunja uso vilevile kama siku ya posa yangu, akasema imechacha.